Al-Qalasadi: Faqihi Aliyeandika Hesabu kwa Herufi



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kasese. Ndugu mmoja wa Bwera akaniomba mfano wa kugawa mirathi, nami nikamtumia kwa ujumbe wa simu. Marehemu ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Kwa mke niliandika ⅛ na kwa mama ⅙, zile alama zinazobeba sehemu nzima kama herufi moja. Simu yake ndogo ya batani haikuzijua. Penye fungu la mjane na fungu la mama palitokea visanduku vitupu. Akanipigia kuuliza kama wanawake hawa wawili hawana haki yoyote. Niliona haya, nikamkumbuka mwanachuoni tuliyemsoma darasani, faqihi aliyebobea katika mirathi na aliyezijua alama za hesabu kuliko wengi wa zama zake.

Huyo ni Abul-Hasan Ali ibn Muhammad al-Qalasadi. Alizaliwa mwaka 1412 katika mji wa Baza, Andalusia, nchi ambayo leo ni Hispania. Wakati ule Waislamu walikuwa wamebakiwa na dola moja tu huko, dola ya Granada. Alianza kusoma Qur'ani na elimu ya dini mjini kwake, kisha akahamia Granada kuendelea.

Hakuridhika na elimu ya nyumbani. Alivuka bahari hadi Tlemcen, Algeria ya leo, akapita Tunis na Misri, akahiji Makka, ndipo akarudi Granada. Safari hiyo ilimchukua miaka kama 15. Aliiandikia kitabu, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inawataja walimu wake na vitabu alivyosoma kwao.

Aliandika juu ya fiqhi ya Imam Malik, nahau na mirathi, lakini kilichodumisha jina lake zaidi ni hesabu. Kitabu chake Kashf al-Asrar an Ilm Huruf al-Ghubar kinafundisha tarakimu za vumbi. Ziliitwa hivyo kwa sababu watu walikuwa wakihesabu juu ya ubao uliotandazwa vumbi, wakifuta na kuandika tena.

Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, aliiandika aljebra yake kwa maneno matupu. Kiasi kisichojulikana kiliitwa shay', yaani kitu. Mraba wake uliitwa mal, na mchemraba wake kaab. Swali dogo liliweza kuchukua mistari mingi. Al-Qalasadi alitumia herufi moja badala ya neno zima: shini kwa shay', mimu kwa mal, kafu kwa kaab, jimu kwa jadhr, yaani kipeo, na lamu kuonyesha kwamba pande mbili ni sawa. Alama ya = tunayoitumia leo ilichapishwa na Robert Recorde wa Uingereza mwaka 1557, al-Qalasadi akiwa kaburini miaka 71.

Hapa tuwe waadilifu. Wengine husema yeye ndiye aliyezibuni herufi hizo. Sivyo, wanachuoni wa Maghrib walikwisha kuzitumia kabla yake. Yeye alizifundisha na kuzieneza, na hilo peke yake ni jambo kubwa. Hatuhitaji kumwongezea sifa isiyo yake ili tumheshimu.

Uzeeni mwake, dola ya Castile ilizidi kuisonga Granada. Alihama, akaenda tena Afrika Kaskazini, akafariki Béja, Tunisia, mwaka 1486. Baza ilitekwa mwaka 1489, na Granada mwaka 1492. Mji wake ulipotea, lakini vitabu vyake viliendelea kusomeshwa Afrika Kaskazini kwa vizazi vingi.

Mwaka 2012 Unicode, mfumo unaoipa kila herufi ya dunia namba yake ili kompyuta ziitambue, uliongeza alama 143 za hesabu za Kiarabu. Shini, mimu, kafu, jimu na lamu za hesabu zimo. Lakini kupewa namba hakutoshi. Simu inayopokea lazima iwe na umbo la alama hiyo katika fonti zake, la sivyo huonyesha kisanduku. Ndivyo ilivyokuwa kwa ⅛ yangu: namba ilifika Bwera salama, umbo halikuwepo.

Herufi za al-Qalasadi zilifaa kwa sababu wanafunzi wake walifundishwa maana yake kwanza. Mimi nilichagua alama kwa kuwa ilinipendeza kwenye simu yangu, bila kufikiria simu ya mwenzangu. Nikaandika upya: mke thumuni, 1/8, mafungu 3 kati ya 24, mama sudusi, 1/6, mafungu 4, mtoto wa kiume yaliyobaki, mafungu 17. Tarakimu za kawaida, na neno kando yake. Ujumbe ulisomeka wote.

Tutakaporudi vijijini tutaulizwa mirathi, na majibu mengi yatapita kwenye simu. Kabla ya kutuma alama yoyote ya pekee, tuiandike pia kwa maneno. Haki ya mjane isipotee ndani ya kisanduku.

Allah amrehemu al-Qalasadi, na atunufaishe kwa elimu yake. Amin.