Maisha ya Imamu al-Ghazali: Ilimu na Utengenevu wa Nafsi

Imamu Abu Hamid Muhammad al-Ghazali alizaliwa Tus, nchi ya Khurasani, mwaka 450 wa Hijra (1058 Miladi). Alisoma fikihi ya Imamu Shafii kwao, kisha akaenda Nishapur kwa Imamu al-Haramaini al-Juwayni, wala hakuachana naye hata shekhe wake alipofariki mwaka 478 (1085). Mwaka 484 (1091) waziri Nidhamul-Mulk alimweka kuwa mwalimu wa madrasa ya Nidhamiya, Baghdad, naye umri wake ni miaka 34. Hapo aliwasomesha wanafunzi 300.

Katika nafasi aliyoipata baina ya darasa, alisoma vitabu vya wanafalsafa, akawarudi kwa kitabu Tahafut al-Falasifa. Lakini hakuchanganya haki na batili. Watu wa hesabu wamethibitisha kuwa mwezi hupatwa uingiapo katika kivuli cha ardhi. Yeye aliona kuwa mwenye kulikanya jambo hilo kwa jina la dini huidhuru dini, kwani mwenye kuijua hesabu ile hataitilia shaka hesabu, bali ataitilia shaka dini. Na utabibu aliuhesabu kuwa faradhi ya kifaya, akawalaumu wanavyuoni wanaosongamana katika fikihi, na mji wao hauna tabibu Mwislamu.

Hata mwaka 488 (1095) aliipima nia yake katika kusomesha, akaona si kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali ni kutaka cheo na sifa. Muda wa karibu miezi sita alivutwa huku na huku, dunia yamwita na akhera yamwita. Mwisho ulimi wake ukafungika, asiweze kusomesha, wala chakula hakipiti kooni. Wakaja matabibu, wakakata tamaa, wakajua kuwa maradhi yametoka moyoni.

Basi akagawa mali yake, ila ya kuwatosha watoto, akatoka Baghdad. Akakaa Sham na Baitul-Mukaddas, akahiji, akaishi faraghani kiasi cha miaka 10. Katika zama hizo alitunga Ihya Ulum al-Din, vitabu 40 katika robo nne. Humo aliwarudi wasemao kuwa tabia haigeuki: alibainisha kuwa nafsi hutibiwa kama mwili, kwa mazoezi na subira, ubakhili kwa kutoa na kiburi kwa kunyenyekea.

Mwaka 499 (1106) alirudi kusomesha Nishapur, kisha akarejea Tus, akafariki mwezi wa Jumada al-Akhira, 505 (1111).

Mazingatio ya maisha yake ni haya: ilimu ya hesabu na ya utabibu kila kizazi hukirithi kizazi kilichotangulia, kikaongeza juu yake. Tabia njema hairithiwi hivyo. Mwana wa mwanachuoni huanza na nafsi yake pale pale alipoanza babu yake. Asiyeijua tofauti hii huidhania ilimu yake kuwa ndiyo uchaji wake.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na awanufaishe Waislamu kwa ilimu yake. Amin.