Susanna Wesley: Mama aliyejenga malezi juu ya imani

Usiku wa Februari 9, 1709, moto uliteketeza nyumba ya kasisi katika mji mdogo wa Epworth, jimbo la Lincolnshire nchini Uingereza. Mama wa nyumba hiyo, aliyekuwa mjamzito wa miezi ya mwisho, alipenya katikati ya ndimi za moto na kutoka akiwa ameungua mikono na uso. Watoto walipohesabiwa, mvulana wa miaka mitano, John, hakuwepo. Alionekana kwenye dirisha la orofani. Mtu mmoja alipanda juu ya mabega ya mwenzake, akamwopoa muda mfupi tu kabla ya paa kuporomoka.

Mama huyo alikuwa Susanna Wesley. Mtoto aliyeokolewa alikuja kuwa mwasisi wa vuguvugu la Methodisti, ilhali mdogo wake, Charles, alitunga maelfu ya nyimbo za dini.

Susanna alizaliwa London mnamo Januari 20, 1669, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto 25. Baba yake, Dkt Samuel Annesley, alikuwa miongoni mwa wahubiri waliofukuzwa kwa kukataa taratibu za Kanisa la Uingereza. Hata hivyo, binti huyo alipima hoja za pande zote mbili, na akiwa na umri wa miaka 13 hivi akaamua kujiunga na kanisa lilelile lililomfukuza baba yake. Tangu utotoni, basi, imani yake haikuwa ya kurithi tu.

Mnamo 1688 aliolewa na Samuel Wesley, kasisi na mshairi aliyekuwa hodari wa vitabu lakini dhaifu katika masuala ya fedha. Inasimuliwa kwamba Susanna alijifungua watoto 19. Tisa kati yao walifariki wakiwa wachanga, mmoja akiwa amelaliwa na mlezi aliyeshikwa na usingizi. Mnamo 1705 mumewe alifungwa katika gereza la Lincoln kwa sababu ya madeni. Susanna, ambaye hakuwa na mali nyingine ya kuuza, alimpelekea pete zake zimfae huko, naye mumewe akazirejesha.

Askofu Mkuu wa York alipomuuliza iwapo waliwahi kukosa mkate, alimjibu kwamba hawakuukosa kabisa, ila taabu ya kuutafuta kabla ya kuula, na ya kuulipia baadaye, iliufanya uwe mchungu.

Katika hali hiyo, Susanna hakuichukulia imani kuwa kinga dhidi ya misiba. Aliichukulia kuwa amana: kila mtoto alikuwa roho aliyokabidhiwa na Mungu, na siku moja angetoa hesabu yake. Ndiposa aliendesha nyumba yake kwa utaratibu usioyumba. Mtoto alipotimiza miaka mitano, alianza masomo nyumbani, saa tatu asubuhi hadi saa sita na saa nane hadi saa kumi na moja jioni. Alitengewa siku moja kujifunza herufi zote, kisha akaanza kusoma kitabu cha Mwanzo. Aidha, hakuna binti aliyefundishwa kushona kabla hajajua kusoma vyema, msimamo uliokuwa nadra enzi hizo.

Baada ya ule moto, watoto walitawanywa katika nyumba za watu mbalimbali. Waliporejea walikuwa wamesahau adabu nyingi, naye akaanza upya. Mnamo 1711 hivi, akiwa amechochewa na habari za wamishonari wa Denmark waliohubiri India, alimtengea kila mtoto jioni yake katika juma ili wazungumze faraghani kuhusu hali ya moyo wake. Alhamisi ilikuwa ya John. Miaka mingi baadaye, akiwa msomi wa Oxford, John alimwandikia mama yake akimwomba amtengee tena sehemu ya Alhamisi hiyo.

Majira ya baridi ya 1711 na 1712, mumewe akiwa London, Susanna aliwasomea watoto na watumishi hotuba za dini Jumapili jioni. Majirani wakajiunga, hadi watu zaidi ya 200 wakafurika nyumbani. Mumewe alipolalamika kuwa haikufaa mwanamke kuongoza ibada, Susanna alimtaka atoe amri iliyo wazi, ili lawama za roho hizo zisimwangukie yeye siku ya hukumu. Mikutano iliendelea.

Hata hivyo, malezi yake hayakukosa ukali. Watoto walizoeshwa kuogopa kiboko na kulia kwa sauti ya chini kabla ya kutimiza mwaka mmoja au punde baadaye, jambo ambalo wazazi wengi wa leo hawatalikubali. Lakini pia aliweka kanuni kwamba mtoto anayekiri kosa asichapwe, na kwamba asiadhibiwe mara mbili kwa kosa moja.

Wala bidii hiyo haikuwaepusha wanawe na majonzi. Binti yake Mehetabel, aliyekuwa na kipaji cha ushairi, alitoroka na mwanamume mnamo 1725, akaishia katika ndoa isiyo na furaha, na baba yake akakataa kupatana naye.

Samuel alifariki mnamo 1735. Susanna aliishi miaka yake ya mwisho na John jijini London. John alipokasirika kusikia kwamba Thomas Maxfield, ambaye hakuwa kasisi, alikuwa akihubiri, mama yake alimwonya asiharakishe, amsikilize kwanza. John alimsikiliza, akaridhika. Wahubiri wa aina hiyo ndio walioeneza Methodisti mashambani na migodini.

Vuguvugu hilo lilifika pwani ya Kenya mnamo 1862, mmishonari Thomas Wakefield alipoanza kazi Ribe, karibu na Mombasa, kisha baadaye likaota mizizi Meru.

Susanna hakuyaona hayo. Alifariki Julai 1742 akiwa na umri wa miaka 73, akiwa amewaagiza wanawe wasimlilie bali waimbe zaburi ya sifa mara atakapokata roho. Walisimama kando ya kitanda chake, wakaiimba.