Carl Prausnitz: Daktari Aliyetumia Ngozi Yake Kufumbua Fumbo la Mzio na Pumu

Miongoni mwa wataalamu waliouwezesha ulimwengu kuielewa pumu inayotokana na mzio, Carl Prausnitz ana nafasi ya pekee. Alizaliwa mwaka 1876 mjini Hamburg, Ujerumani, kwa baba mwenye asili ya Kiyahudi na mama Mwingereza. Baada ya kuhitimu udaktari alifanya kazi Hamburg chini ya William Dunbar, mtafiti wa mafua yanayoletwa na chavua ya nyasi. Prausnitz mwenyewe alisumbuliwa na mafua hayo.

Dunbar aliamini kuwa chavua ina sumu. Hata hivyo, swali moja lilibaki bila jibu: kama ni sumu, kwa nini iwadhuru wachache, ilhali wengine huvuta hewa hiyo hiyo na kubaki salama?

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1921 mjini Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Daktari mwenzake, Heinz Küstner, alikuwa akidhurika kila alipokula samaki, lakini Prausnitz alimla bila shida. Prausnitz alidungwa kiasi kidogo cha seramu ya damu ya Küstner katika ngozi ya tumbo lake. Siku iliyofuata alidungwa maji yaliyotayarishwa kutokana na samaki mahali pale pale. Ngozi ikavimba na kuwa nyekundu. Ilidhihirika kuwa chanzo cha mzio hakikuwa katika samaki peke yake, bali pia katika kitu kilichomo ndani ya damu ya mgonjwa, ambacho kingeweza kuhamishiwa kwa mtu mwingine. Jaribio hilo lilipewa majina ya madaktari hao wawili na likatumika kwa miongo kadhaa.

Mwaka 1933 utawala wa Kinazi ulianza kuwaondoa watu wenye asili ya Kiyahudi katika utumishi wa umma. Prausnitz, ambaye wakati huo alikuwa profesa huko Breslau, alihamia Uingereza. Huko Manchester alichunguza maradhi ya kifua ya wafanyakazi wa viwanda vya pamba waliovuta vumbi kila siku, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1936. Baadaye alihamia Ventnor, mji mdogo katika kisiwa cha Wight, akaongeza jina la ukoo wa mama yake, Giles, na kuwatibu wananchi wa kawaida. Alifariki dunia huko mwaka 1963, kabla kitu alichokionyesha hakijatambuliwa.

Miaka michache baadaye, Kimishige na Teruko Ishizaka, waliokuwa Denver, Marekani, walikifuatilia kitu hicho wakitumia jaribio lile lile la ngozi. Nchini Sweden, Hans Bennich na Gunnar Johansson walifikia protini hiyo hiyo kwa njia nyingine. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha jina lake: imunoglobulini E, au kwa kifupi IgE.

Kwa mgonjwa wa pumu ya mzio, kingamwili hiyo hujishikiza kwenye seli ziitwazo seli masti, zilizomo katika kuta za njia za hewa. Mgonjwa anapovuta chavua, au vumbi lenye mabaki ya wadudu, chembe hizo hunasa kwenye kingamwili, na seli humwaga histamini na kemikali nyingine. Misuli hukaza, utando huvimba, ute huongezeka, na pumzi hubana. Saa kadhaa baadaye seli nyingine za kinga hufika na kuendeleza uvimbe, hata kama mgonjwa anajiona amepata nafuu.

Ndiyo sababu madaktari huwaelekeza wagonjwa wengi kutumia kila siku dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe, badala ya kusubiri kubanwa kifua. Dawa inayofungua njia za hewa kwa haraka huleta ahueni, lakini peke yake haiondoi uvimbe uliobaki ndani. Tangu mwaka 2003 imekuwapo pia sindano inayoizuia IgE yenyewe, kwa baadhi ya wagonjwa wenye pumu kali ya mzio. Dawa hiyo huilenga kingamwili ile ile iliyovimbisha ngozi ya Prausnitz mwaka 1921.