IMAMU ABU HANIFA NA NGUO YENYE KASORO

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu Muislamu, kabla hujauza nyumba au parseli yako, soma kwanza habari za mtu huyu.

Jina lake ni Nuuman bin Thabit, ndiye Imamu Abu Hanifa. Alizaliwa Kufa, nchi ya Iraki, mwaka 80 Hijria (699). Wewe unamjua kwa madhehebu yake, lakini ujue pia kwamba alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa vya hariri, na faida yake aliwasaidia nayo wanafunzi.

Wanavyuoni wanasimulia kwamba mwanamke mmoja alimletea nguo ya hariri, akataka dirhamu 100. Imamu akamjulisha kuwa inastahili zaidi. Bei ikapanda mpaka 400, mama yule akadhani anachezewa. Akaitwa mtu wa kukadiria, na Imamu akainunua kwa 500. Mnunuzi ndiye aliyemfunulia muuzaji ukweli!

Tena, alimpelekea mshirika wake Hafs bidhaa, akamuusia kwamba nguo moja ina kasoro, amwonyeshe mnunuzi. Hafs akaiuza, akasahau kusema, wala hakumjua aliyenunua. Imamu alipopata habari akatoa sadaka fedha yote ya bidhaa zile.

Hafs alisahau tu. Wewe je, unayenyamaza kwa makusudi? Unapaka rangi ukuta wakati wa kiangazi ili alama ya maji isionekane. Unauza parseli ya marehemu baba, na warithi wenzako hawajui. Mwenzako ametoa akiba yake yote. Mvua ikianza, watoto wake watalala katika maji.

Usiseme kwamba mnunuzi alikuja akaangalia mwenyewe. Kasoro unayoijua, ni wajibu wako kuitaja. Katika madhehebu ya Abu Hanifa, aliyekuta kasoro iliyokuwapo kabla ya kununua, naye hakuijua, ana hiari: arudishe mali apewe fedha yake, au abaki nayo kwa bei ile ile.

Imamu alikufa Baghdad mwaka 150 Hijria (767), baada ya kufungwa kwa kukataa ukadhi wa Khalifa Mansur. Aliogopa kubeba haki za watu shingoni.

Basi kama umekwisha kuuza kwa kuficha, nenda leo baada ya sala, umwambie mwenzako ukweli, umpe hiari yake. Fedha inarudishika ungali hai.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali. Amin.