Sibawayhi
Sibawayhi (jina kamili: Abu Bishr Amr ibn Uthman ibn Qanbar, alifariki takriban 796) alikuwa mwanasarufi wa Kiarabu mwenye asili ya Uajemi. Alisoma mjini Basra, Iraki, kwa al-Khalil ibn Ahmad.

Kitabu chake alikiacha bila jina, kikaitwa al-Kitab, yaani Kitabu. Humo alieleza viambishi tamati vya vitenzi vya wakati uliopita: katika katabtu (niliandika), -tu huwakilisha mtendaji, ambaye Kiswahili humtaja mwanzoni kwa ni-.

Inasimuliwa kwamba alishindwa na al-Kisai katika mjadala mjini Baghdad, akarudi Uajemi, akafariki angali kijana. Mwanafunzi wake al-Akhfash alikifundisha kitabu hicho, kikawa msingi wa sarufi ya Kiarabu.