Röntgen: Aliyetuachia Eksrei Bila Kudai Malipo

Bodaboda ikianguka Nakuru, majeruhi hupelekwa eksrei. Aliyeigundua miale hiyo ni Wilhelm Röntgen, Mjerumani aliyezaliwa 1845. Novemba 1895, mjini Würzburg, aliona miale inayopenya nyama lakini huzuiwa na mfupa, kisha akaupiga picha mkono wa mkewe. Mwaka 1901 alipata Tuzo ya Nobel; pesa akakipa chuo chake. Ugunduzi hakuufanya mali yake, ili wote wanufaike. Alifariki 1923.

Miale hiyo ni jamaa ya mawimbi ya redio, ila ina nguvu zaidi. Waliotangulia kuitumia bila kinga waliungua mikono, wengine wakafa. Basi dada mjamzito, mwambie mhudumu kabla ya kupigwa picha. Sadaka ya Röntgen isitugeukie madhara.