Eugen Sandow: Baba wa watunisha misuli aliyezikwa bila hata jina

Kila mwaka bingwa wa mashindano ya Mr. Olympia hukabidhiwa sanamu ya mwanamume mwenye masharubu aliyeshika chuma cha mazoezi. Vijana wengi wanaonyanyua vyuma, kuanzia Likasi hadi Mombasa, wanaitambua sanamu hiyo. Mwenyewe wanamfahamu wachache.

Huyo ni Eugen Sandow. Jina lake la kuzaliwa ni Friedrich Wilhelm Müller, na alizaliwa Aprili 2, 1867 Königsberg, Prussia. Mwaka 1885 aliondoka kwao akikwepa jeshi, akaambatana na watu wa sarakasi. Sarakasi ikafilisika, akabaki amekwama Brussels bila kitu mfukoni. Ndio mji ambao Mfalme Leopold wa Pili alikuwa akiitawala Kongo kutoka huko. Mji wa Likasi ulikuwa bado haujajengwa.

Hapo alikutana na mwalimu wa mazoezi, Louis Attila, aliyemfundisha kunyanyua vyuma vizito. Muhimu zaidi, alimfundisha namna ya kusimama mbele ya watu.

Mwaka 1889 Attila alimhimiza aende London. Kulikuwa na mbabe mmoja, Charles Sampson, aliyekuwa akijitapa kila usiku jukwaani kwamba atampa pauni 500 yeyote atakayemshinda, na pauni 100 atakayemshinda mwanafunzi wake, Cyclops. Sandow alipanda jukwaani amevaa suti ya jioni, na watazamaji wakamcheka. Alipovua nguo, kicheko kiliisha. Alimshinda kwanza mwanafunzi, kisha siku chache baadaye akamshinda mwalimu wake. Sampson alilalamika sana, lakini kwa wakazi wa London mambo yalikuwa yamekwisha.

Mwaka 1893 alikwenda Marekani. Huko Chicago, promota Florenz Ziegfeld aligundua jambo ambalo limeubeba mchezo huu hadi leo: watu walivutiwa na mwili wa Sandow kuliko mizigo aliyonyanyua. Basi akamwambia aoneshe misuli tu. Mwaka uliofuata Sandow alisimama mbele ya kamera ya kampuni ya Thomas Edison, na filamu hiyo fupi bado ipo.

Si kila kitu kilikuwa cha kujivunia. Mwaka huohuo, San Francisco, alitangazwa kupigana na simba. Watu walilipa wakafurika, wakakuta simba amefungwa mdomo na kuvishwa mifuko kwenye makucha, naye hakutaka hata kupigana. Sandow alimbeba na kumrusha huku na huko, watazamaji wakamzomea. Ni aibu ambayo promota wa leo wangeweza kujifunza kitu kwayo.

Aliporudi Uingereza aligeuka mfanyabiashara. Mwaka 1897 alifungua chuo cha mazoezi jijini London, mwaka uliofuata akaanzisha jarida. Septemba 14, 1901 aliandaa mashindano makubwa ya miili katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Washindani 60 walipanda jukwaani, na mmoja wa waamuzi alikuwa mwandishi Arthur Conan Doyle, aliyembuni mpelelezi Sherlock Holmes. Mshindi, William Murray wa Nottingham, alipewa sanamu ya dhahabu ya Sandow mwenyewe. Baadaye Sandow alizuru Afrika Kusini na India, na mwaka 1911 Mfalme George wa Tano alimteua mwalimu wake wa mazoezi ya mwili.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Kuwa na asili ya Ujerumani kuligeuka mzigo, ingawa alikuwa raia wa Uingereza tangu 1906, na kampuni yake ya kakao ikaanguka.

Alifariki London Oktoba 14, 1925, akiwa na miaka 58. Mtaani ilisimuliwa kwamba aliumia akinyanyua gari lililopata ajali. Daktari aliandika kuwa mshipa mkubwa wa damu ulipasuka.

Mkewe, Blanche, hakutaka kaburi lake liwekwe alama yoyote. Inasemekana alichoshwa na wanawake wa nje. Kwa miongo mingi, mtu ambaye sura yake mabingwa wa dunia huishika mikononi tangu 1977, Frank Zane akiwa wa kwanza, alilala katika makaburi ya Putney Vale bila jina. Jiwe la kwanza liliwekwa mwaka 2002. Mwaka 2008 mzao wake alileta jingine kubwa, lililoandikwa neno moja: Sandow.